Ree Mbili za Shupaza

Mwezi uliopita wanafunzi wangu wa kidato cha sita walinijia ofisini watatu, msemaji wao mbele. "Madam, tumesikia Vuta N'kuvute ina muvi yake. Si tuiangalie tu? Kitabu chenyewe kirefu." Nafundisha fasihi hapa Mtwara mjini mwaka wa kumi na sita sasa, kwa hiyo nilielewa: mtihani umekaribia na kitabu kimesomwa nusu. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba ambaye hajamaliza kitabu asiingie. Wiki mbili baadaye walikuja darasa zima, na maswali niliyowauliza mlangoni waliyajibu.

Tuliangalia Ijumaa jioni kwenye maabara ya fizikia, kwa sababu ndicho chumba chenye ukuta mweupe. Mapazia hayakutosha, tukaziba dirisha moja kwa kanga zangu mbili. Projekta ilikuwa ya kuazima, spika ya mwalimu wa michezo. Filamu ilipoisha na taa zikawashwa, palikuwa kimya, kila mtu anamtegea mwenzake. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma kabisa, anatoka Kilwa, akasema: "Madam, hii siyo niliyoisoma mimi." Alisema kwa uchungu, kama mkulima aliyepunjwa kwenye mizani ya korosho.

Niliifurahia sana kauli ile. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijaribu kuwafikisha wanafunzi hapo, na mara nyingi nashindwa.

Riwaya ya Adam Shafi ilitoka 1999. Filamu ya Amil Shivji ilitoka 2021, ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Kote kuwili tuko Unguja ya miaka ya 1950, wakati wa Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Anamkimbia, anapokelewa na Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, na huko anakutana na Denge, kijana anayeusaka uhuru huku askari wa mkoloni wakimsaka yeye. Kisa ni kimoja. Lakini binti yule alikuwa na hoja. "Kitabuni Denge ana kazi," alisema. "Siasa kwake ni kazi, kama mtu anayekwenda shamba. Kwenye muvi kazi yake kubwa ni kupenda."

Wavulana wakamzomea kidogo, wao walipenda mapenzi. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Kwa maoni yangu filamu ile imeitoa siasa mdomoni mwa Denge ikaiweka kwenye miili ya watu: nani anapita mtaa gani, nani anakaa na nani, nyumba gani Mhindi haingii na mlango gani Mwafrika hafunguliwi. Mwajuma akifungua kinywa kuimba, naye ni Siti Amina, mwimbaji wa kweli wa Zanzibar, panaelezwa mambo ambayo Shafi alihitaji kurasa kuyaeleza. Hata hivyo sikumwambia binti kwamba amekosea. Nilimwuliza: kimepungua nini, kimeongezwa nini, na mwaka gani? Ndiyo maswali matatu ninayoyajua mimi kuhusu jambo hili, na sikuyapata chuoni. Niliyapata Nachingwea, kwenye banda la video.

Nimezaliwa Nachingwea. Wasioijua, ni mji uliokua kwa ajili ya karanga. Waingereza walikuja na mpango wao mkubwa mwaka 1947, wakafyeka pori, wakajenga bandari hapa Mtwara na reli ya kuzifuata karanga huko bara, na kufikia 1951 mpango mzima ulikuwa umekufa. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO wakapata kambi yao hukohuko kwetu, wakijiandaa kuvuka Ruvuma. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wazee wa kwetu waliusikia kama uhuru wa jirani aliyekuwa akiomba moto jikoni kwao. Mimi nilikua nikisikia habari hizo kabla sijajua kusoma.

Baba alikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika. Alikuwa na sanduku la bati la vitabu, na usiku wa msimu wa korosho, akirudi na vumbi la magunia kwenye nyusi, alikuwa akitusomea kwa taa ya chemli. Kitabu tulichokiomba zaidi kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929. Wengi wenu mmekisoma. Wazungu watatu wanakwenda kumtafuta ndugu wa mmoja wao na hazina ya almasi, na njiani wanafuatana na mtumishi Mwafrika, Umbopa, mtu mrefu asiyependa kuamrishwa. Baba akifika pale Umbopa anapoivua nguo yake na kuonesha alama ya nyoka iliyozunguka kiuno chake, mkia mdomoni, ushahidi kwamba yeye ndiye Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana, alikuwa akisimama. Anasimama kweli, kitabu mkono mmoja, mkono mwingine kiunoni. "Mnaona? Mfalme alikuwa amebeba mizigo ya watu!" Kwetu sisi watoto kitabu kile kilikuwa habari za Umbopa. Wazungu walikuwa watu aliofuatana nao tu.

Sasa ikaja siku banda la video la karibu na stendi likatangaza kwa chaki: MASHIMO YA MFALME SULEMANI. Mimi na kaka yangu tukauza chupa tukapata kiingilio. Msichana kuingia bandani haikuwa heshima, nilivaa kofia ya kaka. Ilikuwa ile filamu ya 1985 iliyopigwa Zimbabwe, ya Richard Chamberlain na Sharon Stone. Tukakaa kwenye benchi tukimsubiri Umbopa kama watu wanaomsubiri mjomba kwenye basi.

Pale kwanza palikuwa na mwanamke wa Kizungu ambaye kitabuni hayumo, anamtafuta baba yake. Palikuwa na Wajerumani, nao kitabuni hawamo. Palikuwa na treni, ndege na chungu kikubwa cha kuchemshia watu. Mtoto mmoja mbele yangu akamwuliza mwenzake, "Stelingi nani?" Akajibiwa bila kufikiri: "Si huyo Mzungu mwenye kofia." Mwenzangu msomaji, unajua sheria ya bandani: stelingi hafi, na stelingi ni mmoja. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba stelingi ni yule anayebeba mizigo.

Nikashukuru Mungu kwamba bandani palikuwa na mtafsiri. Alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, muuza samaki mchana, na siku ile sijui nani alimpa kile kitabu, au labda naye alisomewa na baba yake. Kila Umbopa alipoonekana, mtafsiri alimpa maneno yake mwenyewe. Kwenye kioo Umbopa anaambiwa afanye hivi anafanya. Kwenye spika anasema: "Nafanya kwa sababu naisogelea nchi yangu, usidhani nakutumikia." Banda zima likapiga miguu chini. Alimchanganyia na Kimwera kidogo, wazee waliokaa ukutani wakacheka mpaka wakakohoa. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona hadithi ikigombewa na watu wawili mbele ya macho yangu: mmoja ana kamera na fedha, mwingine ana kipaza sauti cha betri.

Nilipofika chuo nikakisoma kitabu chenyewe kwa Kiingereza, nikazitafuta na filamu za zamani. H. Rider Haggard alikiandika 1885, mtu aliyefanya kazi serikalini huko Afrika Kusini na kushiriki kupandisha bendera ya Uingereza Pretoria mwaka 1877. Sikumtarajia atupendelee, na kweli kuna kurasa zinazouma. Foulata, msichana wa Kikukuana anayempenda mmoja wa wale Wazungu, anauawa, na kabla ya kukata roho anatiwa mdomoni maneno kwamba jua haliwezi kuoana na giza. Lakini mtu huyohuyo, mwishoni, anampa Ignosi hotuba ambayo sikuitegemea: mfalme anasema hatataka kuona wafanyabiashara na bunduki zao na pombe zao katika nchi yake, wala watu wa kuwatia watu hofu ya kifo kwa maombi. Anaifunga milima. Haggard wa bendera ya Pretoria aliandika hivyo, na mwaka uleule alipochapisha kitabu, Ulaya ilikuwa imemaliza mkutano wake wa Berlin wa kutugawana.

Angalia sasa filamu. Mwaka 1937 Umbopa alipewa Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti ya radi, naye anaimba, na hapo kwa kweli Umbopa ni mkubwa kuliko kioo. Lakini msafara tayari umepewa msichana wa Kizungu anayemtafuta baba yake. Mwaka 1950 kampuni ya MGM ikaja kupiga filamu yake hapahapa Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo. Mtafutaji sasa ni mke anayemtafuta mumewe, naye ni Deborah Kerr, na safari nzima inageuka kuwa jinsi atakavyompenda kiongozi wa msafara. Foulata hayupo tena. Msichana mweusi anayependwa na Mzungu ameondolewa kabisa, nafasi ya mapenzi amepewa mwanamke wa rangi inayoruhusiwa. Hotuba ya kuifunga milima sikuisikia katika filamu ile, wala katika ile ya 1985. Na mwaka huohuo wa 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya Robeson pasipoti kwa sababu ya siasa zake. Nilipoziweka tarehe hizo mbili pamoja kwenye daftari langu, nilikaa muda mrefu bila kuandika kitu.

Watu huniambia, madam, filamu ni fupi, lazima vitu vikatwe. Ni kweli. Saa mbili haziwezi kubeba kurasa mia tatu. Ila mkasi una mshikaji. Yule aliyekuwa na haraka hakumkata simba hata mmoja wala nyoka hata mmoja, alimkata Foulata na hotuba ya mfalme.

Mfano ulio wazi kuliko wote, ambao huwa naufundisha kwa makini, ni Shamba la Wanyama. Kitabu cha George Orwell kilitoka 1945, na Kiswahili chake, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, kilitoka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, lile lililotangaza Ujamaa. Baba alinipa nikiwa kidato cha pili. Wanyama wanampindua binadamu, kisha nguruwe wanaanza kulala vitandani, kunywa pombe, kutembea kwa miguu miwili. Ukurasa wa mwisho wanyama wanachungulia dirishani: nguruwe Napoleon na majirani zake binadamu wanacheza karata, ugomvi unalipuka, kwa sababu Napoleon na Bwana Pilkington wote wawili wametupa ree ya shupaza kwa wakati mmoja. Wanyama wanatazama nguruwe, wanatazama mtu, hawajui tena yupi ni yupi. Basi. Kitabu kinaishia hapo.

Baba alikuwa mcheza karata, kila Jumapili chini ya mkorosho wa jirani. Pale alikifunga kitabu mkononi mwangu akaniuliza: "Pakiti moja ina ree ngapi za shupaza?" Moja. "Kwa hiyo?" Kwa hiyo mmoja kaiba. "Nani?" Nikafungua tena, nikatafuta, hakuna. Kitabu hakisemi. "Ndiyo," akasema, "hakisemi, kwa sababu wote wawili ni wazoefu." Kumbuka huyu ni mtu aliyehamishwa na Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwahamishia watu vijiji vya Ujamaa, mwaka 1974, nyumba na mikorosho yake ikabaki nyuma. Alikuwa na lake la kusema juu ya nguruwe. Lakini pia alizaliwa chini ya Mwingereza na aliijua bei ya karanga na ya jasho, hivyo Bwana Pilkington naye alikuwa anamfahamu vizuri. Kitabu kile kilimpa ruhusa ya kuwa na hasira na wote wawili kwa wakati mmoja. Si vitabu vingi vinavyofanya hivyo.

Filamu ya katuni ya kitabu hicho ilitoka 1954, ikatengenezwa Uingereza na mume na mke, John Halas na Joy Batchelor. Orwell alikuwa amekwishafariki, 1950. Fedha zilitoka Marekani, na miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba nyuma ya fedha hizo lilikuwepo shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Katika filamu hiyo mwisho ni mwingine. Mezani hakuna Pilkington. Wageni wa Napoleon ni nguruwe wenzake kutoka mashamba mengine. Na wanyama walioko dirishani hawabaki wakitazama, wanakusanyana, wanaivamia nyumba, wanashinda.

Niliileta ile filamu nyumbani likizo moja, baba akaiangalia kwenye kompyuta yangu barazani, miwani imeshuka puani. Ilipoisha hakusema kwamba ni nzuri wala mbaya. Aliuliza swali moja: "Na Pilkington kaenda wapi?"

Nimesoma uchambuzi mwingi juu ya filamu ile tangu hapo, na bado sijaona swali lililoipiga katikati kama lile. Ukimwondoa Pilkington mezani, pakiti inabaki na ree moja, na mwizi anabaki mmoja. Mtazamaji anaondoka akijua ni nani wa kumpindua, na hana haja tena ya kumchunguza yule jirani mwenye shamba kubwa aliyelipia tiketi. Wachoraji walikuwa hodari, wanyama wao wanaliza mtu, yule punda Benjamin hasa. Ndiyo maana inaniuma. Kazi nzuri ya mikono ya watu ilikodishwa kusema nusu ya alichosema marehemu.

Wala sisemi haya ya kubadilisha ni dhambi za Wamarekani peke yao. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, akaitoa 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mabepari! Neno moja kwenye jalada, na tayari tuko miaka miwili baada ya Azimio. Naipenda tafsiri ile na nawaonesha wanafunzi jalada lake kabla ya filamu yoyote, ili wajue kwamba hata mkono unaoupenda una upande.

Na kuna habari ya Masasi, ambayo wenyeji wengi wa huku hawaijui. Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, kabla ya hapo alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg. Alan Paton alipoandika Cry, the Beloved Country mwaka 1948, padri Vincent wa riwaya ile alimchota kwake. Kwa hiyo wazee wa Masasi waliobarikiwa kipaimara na Huddleston walishikwa kichwa na mtu aliyekwishakuwa mhusika wa riwaya na wa filamu. Filamu ya kwanza ilitoka 1951. Waigizaji weusi walioongoza, Canada Lee na Sidney Poitier, ilibidi waingizwe Afrika Kusini kwa karatasi za vibarua wa mkataba wa mwongozaji wao, Zoltan Korda, kwa sababu sheria za ubaguzi hazikuwa na mlango mwingine kwao. Wanaigiza mapadri wenye heshima zao mbele ya kamera, na kwenye makaratasi ni watumishi wa Bwana Korda. Umbopa kwelikweli. Filamu ya pili ilitoka 1995, mwaka mmoja baada ya Mandela kuingia madarakani, na ukiiangalia unaona inavyotaka kusamehe, kila sura ndani yake inaelekea kwenye kusamehe. Sikuilaumu. Nchi nzima ilikuwa inaelekea huko.

Haya yote niliyasema maabara jioni ile, na mlinzi akaja mara mbili kuuliza kama tunafunga. Wavulana walishatoka. Walibaki wanne, na yule binti wa Kilwa akiwa ndiye anayekunja kanga zangu.

Yeye ni wa upande wa Kipatimu, milima ya Wamatumbi. Akaniuliza kwa nini hakuna filamu ya Kinjeketile. Swali zuri. Ebrahim Hussein, mtu wa pwani yetu hii ya kusini, aliandika tamthilia hiyo 1969, juu ya Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 hukohuko kwao. Nikamwambia ningependa kuiona, ila kabla ya kuangalia picha ya kwanza ningemtafuta aliyelipa na kumwuliza kuhusu onyesho la mwisho. Maana mwishoni mwa tamthilia Kinjeketile, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, amefungwa, amepigwa, anatakiwa aseme tu kwamba maji yale yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua maji hayakuzuia risasi, na bado anakataa, kwa ajili ya watakaozaliwa na watakachoambiwa kuhusu vita ile. Mtayarishaji mmoja angetaka aseme, ili mshirikina afundishwe. Mwingine angetaka asiwe na shaka hata chembe, awe sanamu la uwanja wa mashujaa. Hussein alimwacha na vyote viwili kifuani, shaka na neno lake.

"Mimi nisingeanza na maji," binti akasema. "Ningeanza na pamba."

Nandete, kijiji cha huko Umatumbini, wanasimulia hivyo, kwamba vita ilianza kwa watu kung'oa mashina ya pamba waliyolazimishwa kulima na Mjerumani. Anataka picha ya kwanza iwe mkono tu, karibu sana, umeshika shina, mizizi inakuja na udongo. Hakuna sauti ya mtu, ni ule mlio wa mizizi kukatika. Alinionesha kwa mkono wake mwenyewe juu ya meza ya maabara, vidole vikikaza.

Alikwenda kwao likizo na simu ya kaka yake. Jana amerudi, nikamwuliza amefika wapi. Kaniambia bado hajapiga hata hiyo picha ya kwanza. Ameuzunguka mlima wote na bibi yake wakitafuta shina la pamba, na shamba baada ya shamba wanakuta ufuta.